Mashine ya Mbio Zilizokwisha

Mashine iliingia nyumbani kwa Jokha akiwa bado ndani ya eda. Wanaume wawili waliipandisha kwa lifti ikiwa imefunikwa blanketi, na yeye, kwa kuwa mwanamke wa eda hakai mbele ya wanaume wa kando, alijifungia jikoni mpaka aliposikia mlango wa nje umerudishwa. Alipotoka aliikuta imesimama sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, ina kioo kama cha televisheni usawa wa uso, na chini ya kioo vitufe sita, kila kimoja rangi yake.

"Hii nini tena, Hussam?"

"Kazi yangu, mama. Nimeomba niimalizie hapa, usibaki peke yako."

Muhsin, mumewe, alikuwa amekufa ghafla kiangazi kilipokuwa kinakwisha, ameketi ndani ya basi na mkate mapajani, na dereva hakujua mpaka alipofika kituo cha mwisho cha Woolwich akamwamsha asiamke. Tangu hapo Jokha hakutia manukato wala hina, hakuvaa la kupendeza, wala hakuvuka kizingiti ila siku moja alipokwenda kwa daktari. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu, aliyemleta Uingereza mgongoni kutoka Wete kumfuata baba yake, na sasa ni mtu mzima, fundi wa kompyuta, mpole, mwenye haya. Mtoto anayeihamisha ofisi yake ili mama yake asikae na kuta, unamwambia nini?

Aliyeliona tundu la mashine ni Nusra, jirani wa ghorofa ya chini, aliyepanda na bakuli la mchuzi kama ilivyokuwa desturi yake siku zile.

"Jokha, mwanao kakuletea friji au kakuletea jeneza la kusimama?"

"Nusra, chunga mdomo wako!"

"Si mimi, ni umbo lake." Nusra aliizunguka mashine akiishikashika. "Na vitaa vyote hivi, kama duka la harusi la Southall. Ya nini?"

"Kompyuta ya kazi."

"Kompyuta yenye tundu la kutilia sarafu? Haya, mie simo." Akaweka bakuli mezani akaenda zake, na nyuma yake akaliacha neno hilo limening'inia.

Hussam hakuwa anajua kumdanganya mama yake. Alichojua ni kunyamaza. Jokha alimngoja amalize kula, akamngoja anawe mikono, kisha akamwangalia tu.

"Ni mbio za mbwa, mama," alisema mwishowe. "Za zamani. Jitendra, tajiri wangu, alinunua filamu za uwanja mmoja wa mbwa uliofungwa, makasha kwa makasha. Zilikuwa zinaoza, zinanuka siki. Tumezihamishia humu ndani kwenye diski, zile zenyewe tukazitupa. Sasa mtu akitia sarafu, mashine inamtolea mbio moja, yoyote ile. Haimwambii mwaka wala jina la mbwa. Anawaona wanapitishwa mbele yake, anachagua rangi, halafu mbwa wanakimbia."

"Mbio zilizokwisha."

"Zilizokwisha. Mshindi yumo humo humo tangu zamani. Yeye tu ndiye hamjui."

"Na akichagua asiyeshinda?"

"Sarafu yake imekwenda."

"Basi ni kamari, Hussam."

"Mimi natengeneza tu, mama. Sichezi."

"Na anayekamua pombe huenda naye hanywi," alisema Jokha, akainuka kutoa sahani.

Hawakulizungumza tena. Jokha hakuwa mwanamke wa kelele. Alichofanya ni kugeuza kiti chake na kuhamisha msala wake, ili akiwa katika kusoma au katika kusali mashine iwe nyuma yake. Lakini kugeuza mgongo si kuziba masikio. Kutwa nzima alisikia kengele ndogo, kisha vishindo vya miguu ya mbwa, kisha umati unanguruma na kukatika ghafla kama mlango uliofungwa. Mara nyingine, tasbihi mkononi, aliwaza kwamba wengi wa hao wanaopiga makelele wamekwisha kuzikwa, na bado wanashangilia.

Siku moja ya Novemba, baada ya kusali alasiri, jua lilikuwa limekwisha zama kama linavyofanya huko, mapema kama limefukuzwa. Jokha alikwenda dirishani kuvuta pazia. Kioo cha dirisha kilikuwa cheusi, na ndani yake aliiona picha ya mashine iliyokuwa nyuma yake: watu sita wamevaa makoti meupe marefu, kila mmoja na mbwa wake mwembamba, wanatembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye majani. Wa nne alikuwa anautupa mguu wa kulia nje kidogo kila anapopiga hatua.

Mkono wa Jokha ulibaki kwenye pazia. Yuko mtu mmoja tu aliyetembea hivyo, mtu aliyeanguka mkarafuuni akiwa kijana, mfupa ukaungwa vibaya. Ila yeye mguu wake ulikuwa wa kushoto. Ndipo alipokumbuka kwamba kioo hugeuza vitu. Akageuka.

Ulikuwa wa kushoto.

"Rudisha," alimwambia Hussam.

"Hairudi, mama, inachagua yenyewe. Kuna nini?"

"Itafute. Hiyo hiyo iliyopita."

Hussam alihangaika na kibodi yake mpaka akaipata. Wakasimama wote wawili mbele ya kioo. Watu wa makoti meupe walitokea upande wa kushoto wa picha. Wa kwanza mbwa wake alivaa kizibao chekundu, wa pili buluu, wa tatu cheupe. Wa nne mbwa wake alikuwa wa kizibao cheusi, na aliyeshika kamba alikuwa Muhsin. Kijana, shingo nyembamba, kofia ya Kizungu imemkaa vibaya. Alitembea ameinamisha macho kama mtu anayepita mbele ya mlango wa wakwe. Alipofika katikati ya picha, mbwa akainua pua na kumlamba kiganja.

"Baba," alisema Hussam kwa sauti ndogo.

Macho ya Jokha yalikuwa kwenye kile kiganja. Miaka yote ya kuishi katika fleti hii, Muhsin alikuwa na mkebe wa udongo huko nje barazani, na Jokha akimcheka kwamba ni shamba gani hilo lisiloota hata mnanaa. Akirudi kazini hasalimii mtu kabla hajapita pale. Huchota udongo akajisugua mikono, akajimiminia maji, akarudia na kurudia, kisha ndipo akasema, "Assalaam aleikum, mama Hussam." Jokha akidhani ni mafuta ya mitambo. Yeye alimwambia anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na lile koti jeupe Jokha alilifua kwa mikono yake, akalianika na kulipiga pasi, akidhani ni la huko. Leo aliuelewa ule udongo. Hakuna Mwislamu wa kwao asiyejua ni najisi gani inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo.

"Kwa hiyo ndiyo tuliyokula," alisema. "Futari yangu. Kanzu zako za Idi. Mbwa na kamari."

"Mama, huenda hakupata kazi nyingine."

"Angeniambia."

Alikwenda kuketi. Hussam alibaki pale pale mbele ya kioo, machozi yanamtoka bila sauti. Hawakuwa na filamu ya marehemu hata moja. Muhsin alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Kwenye harusi za watu kila mara yeye ndiye aliyekwenda kuangalia gari. Picha zake za mnato zilikuwa chache, amesimama wima kama nguzo. Na sasa yumo humu, anatembea.

Hapo ndipo Hussam alipofanya jambo la mapenzi, na mapenzi yake ndiyo yaliyoleta balaa. Alikaa na mashine siku nzima iliyofuata, na jioni akamwambia mama yake, uso wake una furaha kidogo kwa mara ya kwanza tangu mazishi: "Nimeirekebisha. Ile mbio yake nimeifanya ije mara kwa mara kuliko zote. Kabla sijaipeleka mashine nitairudisha ilivyokuwa. Lakini maadamu iko hapa, umwone."

"Sitaki kumwona akiwa katika kazi hiyo."

"Basi usitazame, mama."

Lakini alitazama. Usimlaumu, mjane ni mjane. Alikuwa na hasira na Muhsin, hasira isiyo na pa kwenda maana mwenyewe hayupo wa kuambiwa, na juu ya hasira alikuwa na hamu naye. Kiti kikageuka kidogo, kisha kikageuka chote. Kila kengele ilipolia aliinua kichwa, na mara nyingi alikuwa ni yeye, anatokea upande wa kushoto, anautupa mguu wake.

Kwa kuwa alitazama sana, aliona.

Kwanza aliona tope. Siku ya mwanzo koti lilikuwa safi. Sasa pindo lake lilikuwa na tope, na siku za mbele tope likapanda mpaka magotini. Akajiambia ni macho. Halafu akaona mgongo umeinama. Halafu ile kofia haipo tena, na nywele zina mvi. Wale watano wengine walikuwa vile vile, vijana, mmoja anacheka na mwenziwe, na cheko lake linakatika pale pale kila mara. Muhsin peke yake ndiye aliyekuwa anazeeka. Mwishoni mwa wiki alikuwa na ndevu nyeupe, zile zile alizozikwa nazo, na alitembea kama mtu anayevuta jiwe.

"Hussam, njoo mtazame baba'ko."

"Namwona, mama."

"Mtazame!"

Hussam alitazama mara moja, akaitazama tena, kisha akavuta kiti akakaa. "Haiwezekani," alisema. "Filamu ni filamu. Kilichopigwa kimepigwa."

"Umeifanya nini?"

"Sijagusa picha. Wallahi sijagusa."

"Sikuulizi picha. Nakuuliza hii mashine unaifanyisha nini wakati tumelala?"

Hussam alianza kuzungusha waya wa kibodi kidoleni, na Jokha akajua amegonga penyewe. "Majaribio tu," alisema kijana. "Ndivyo tunavyofanya wote kwenye kazi hii. Ukienda kulala unaiacha ijicheze yenyewe, kioo kimezimwa, haraka haraka mpaka asubuhi. Lazima ujue kila rangi inapata haki yake, bila hivyo wakaguzi hawapitishi."

"Mbio ngapi kwa usiku?"

"Maelfu, mama."

"Na yake umeifanya ije kuliko zote."

Hussam aligeuka kuitazama mashine.

"Umemtembeza baba'ko usiku kucha," alisema Jokha. "Kila usiku. Hajalala tangu tumzike."

Alisema kwa upole, lakini Hussam aliruka kitini kama aliyechomwa. Jioni ile ile aliitoa ile mbio ndani ya diski, akaifuta kabisa, akamwonyesha mama yake mahali ilipokuwa, patupu. Jokha akashusha pumzi, akasali, akala. Asubuhi kengele ya kwanza ilipolia, Muhsin alitokea upande wa kushoto katika mbio nyingine, yenye mvua, ana mbwa yule yule wa kizibao cheusi. Hussam akaifuta na hiyo. Akatokea katika mbio nyingine, majani yamekauka, watu kwenye uzio wamevaa nguo za zama za nyuma sana, za kabla yeye hajapata hata kuiona meli ya Uingereza. Kila alipotolewa kwenye moja alikuwa amekwisha fika kwenye nyingine, na kila mara amechoka zaidi.

Nayo macho hakuwa anayainamisha tena. Alipofika katikati ya picha, mahali pale mbwa alipomlamba, alikuwa anageuza uso na kutazama nje, moja kwa moja, kwenye kiti cha Jokha. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Sauti haikuwepo, umati tu.

"Anasema nini?" aliuliza Hussam.

Jokha alijua. Wanawake wa kwao hawaendi makaburini. Siku ya mazishi walilipitisha jeneza mlangoni, na shehe wa msikiti akawauliza waliohudhuria kama wanamridhia marehemu, na wanaume wakaitikia wote kwa pamoja. Yeye alikuwa chumbani na wanawake wenziwe analia. Hakuna aliyekuja kumuuliza mkewe. Na kama angeulizwa siku ile angesema ndiyo bila kujua alichokuwa anakiridhia.

Sasa anajua, na ndiyo kwanza ikawa nzito. Radhi si neno la kutupa. Alitia udhu, akasali alasiri, akabaki juu ya msala muda mrefu akimhesabia marehemu makosa yake. Amenilisha haramu. Amenidanganya. Amenifanya nifue koti lile na kulisifu weupe wake. Lakini kila kosa alilolileta lilikuja limeshikana na ule mkebe wa udongo, na mtu mzima amechutama barazani kwenye baridi ya Januari, anajisugua mikono mpaka inachubuka, kwa sababu hakutaka najisi iingie ndani na kumgusa mke na mtoto. Mtu asiyejali haoshi mara saba. Huyu alijua anachokifanya, na alikuwa peke yake nacho miaka yote hiyo.

Akainuka, akaenda mpaka mbele ya kioo. Kengele ikalia. Muhsin akatokea.

"Muhsin bin Hamad," alisema Jokha, "hukufanya vizuri. Ungeniambia, tungekula muhogo mtupu. Lakini nimekuridhia. Ya zamani na ya hivi sasa. Mwenyezi Mungu naye akuridhie. Weka kamba hiyo, nenda kapumzike."

Hussam aliyaona haya kwa macho yake. Baba yake alisimama. Wa nyuma yake, wa kizibao cha rangi ya chungwa, alimpita kama hamwoni. Muhsin akainama taratibu, akailaza kamba kwenye majani, akavua koti, akalikunja na kuliweka chini vizuri. Akatembea akija mbele, akaongezeka ukubwa, mguu wa kushoto unatupwa nje, mpaka akatoka pembeni mwa kioo. Hakurudi. Mbwa alibaki amesimama peke yake na kizibao chake cheusi, anaangalia alikokwenda. Mbio zikakimbiwa na watano.

Usiku huo Jokha alilala usingizi wa mtoto.

Lakini mwanamke anayeangalia haachi kuangalia kwa kuwa amelala vizuri. Siku chache baadaye aliona Hussam anachelewa kuamka. Akaona anashuka kitandani kwa kushika ukuta.

"Una nini?"

"Miguu tu. Kama nimetembea usiku kucha." Akacheka, kisha akaliona neno alilolisema, akaacha kucheka. "Baridi, mama. Nitavaa soksi mbili."

"Na mashine, bado inajicheza?"

"Jitendra anaitaka kesho. Lazima nimalize hesabu ya majaribio."

Toka hapo Jokha alikuwa akimtazama mwanawe miguuni.

Jitendra alikuja mchana wa siku ya pili. Alikuwa Mhindi wa Nakuru, sasa wa Southall, mnene, mcheshi, na Kiswahili chake cha bara kilimtoka kama mawe yanayoporomoka.

"Hodi! Mama Hussam, shikamoo huko uliko!"

"Marahaba, Jitendra." Jokha alikuwa jikoni, mlango ameurudisha akaacha upenyo. "Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wananisumbua tu. Mama, nasikia harufu ya mandazi, ama ni njaa yangu?"

"Ni njaa yako. Leo nimepika ndizi."

"Hata ndizi nakula! Na pole tena kwa mzee. Hussam, sasa, wapi mtoto wangu? Kesho wanunuzi wako Ilford saa nne. Wakipenda, bwana, mwaka ujao hii kitu iko kila baa kutoka hapa mpaka Scotland. Mashine elfu, zinaimba toka asubuhi mpaka wafunge. Wacha nijaribu mara moja, halafu vijana wapande na gari ya mizigo."

Jokha alisikia sarafu ikianguka ndani. Kengele. Kisha akasikia kiti kinalia na mwanawe akiguna, kama mtu aliyekalishwa kwa nguvu.

Na Jitendra akaangua kicheko.

"Haiya! Hussam, wewe ni mjanja sana! Hizi ni sinema za baba zetu, wewe umejitia ndani saa ngapi? Ona, hata koti limekuwa kubwa! Si unitie na mimi? Mimi nishike huyu wa milia." Akacheka tena. "Lakini wakaguzi wataiona, bwana. Itoe."

Jokha alivuta ushungi wake mbele, akafungua mlango wa jikoni akatoka. Tangu mumewe afe hakuwa amesimama mbele ya mwanamume asiye wake. Jitendra alipomwona alirudi nyuma hatua nzima na kicheko kikamwishia mdomoni.

Kwenye kioo watu sita walikuwa wanatembea juu ya majani. Wa nne alikuwa Hussam. Koti lilikuwa lile alilolikunja baba yake, mikono yake mirefu mno kwa kijana, na kamba ya mbwa mweusi imezungushwa kiganjani mara mbili. Alitembea ameinamisha macho. Hussam mwenyewe, wa nyama na damu, alikuwa kitini ameshika magoti yote mawili, amekuwa mweupe.

"Wacha niangalie tena," alisema Jitendra, na sauti yake sasa haikuwa na mchezo. Alinyoosha kidole.

Jokha aliweka kiganja chake juu ya vitufe vyote sita. "Usibonyeze. Kila ukibonyeza anatembea."

"Nani, mama?"

"Huyu hapa kitini. Kwanza alikuwa baba yake. Tulipomwachia akaenda, na mbwa hawezi kujipeleka mwenyewe kwenye sanduku la kuanzia. Lazima awepo wa kumshika. Na aliyemshika ni huyu aliyeitengeneza mashine."

Jitendra alimtazama Hussam, akatazama kioo, ambapo mbwa walikuwa wanakimbia na watu waliokufa wanapiga makelele. Akatoa leso akajifuta uso.

"Mashine elfu," alisema Jokha, akimgeukia mwanawe. "Kila baa, toka asubuhi. Miguu gani itakayobaki?"

"Nitaitoa mbio hii," alisema Hussam. "Hii tu, mama."

"Ulimtoa baba'ko kwenye moja ukamkuta kwenye nyingine."

"Basi zote?" Alisema kama mtu aliyeambiwa akate mkono. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoibuni yeye, tangu waya mpaka rangi ya vitufe. "Zote, mama?"

"Mimi siwezi kukufutia. Sijui hata panapoanzia. Wewe ndiye uliyeifanya, na wewe ndiye utakayeifanya isiwe."

"Zote?" Jitendra alipata sauti. "Hussam, hiyo ni kazi ya mwaka mzima! Filamu zenyewe tulitupa! Nitawaambia nini watu wa Ilford?" Alisimama pale anahema, akatazama tena kioo, mahali mbio zilipokwisha na wale wa makoti meupe walipokuwa wanarudi kuchukua mbwa wao. Mmoja wao alikuwa anachechemea. Jitendra akaachia mabega yake yashuke. "Sawa. Sawa, bwana. Kabati nitachukua, tutalitia kitu kingine. Mimi ugomvi na hawa sitaki. Futa. Mimi nangoja kwa lifti." Akatoka bila kuaga, naye ni mtu wa kuaga mara tatu.

Hussam alivuta kibodi magotini. Alianza kufuta, mbio baada ya mbio, mstari kwa mstari, na Jokha akasimama nyuma yake. Walipofika mwisho ilibaki moja. Haikuwa imeitwa na mtu, wala sarafu haikuingia, lakini ilijitokeza yenyewe kwenye kioo. Umati haukuwepo. Wale watano hawakuwepo. Palikuwa na majani, mbwa wa kizibao cheusi, na kijana wa koti jeupe amesimama katikati ya picha, ameinua uso, anawatazama.

Kidole cha Hussam kilisimama hewani.

"Mama, na nikijifuta?"

Jokha aliutazama ule uso wa kwenye kioo. Alikuwa ameuzaa, alikuwa ameuosha, aliujua kila kovu lake. Ulikuwa unamtazama vile vile alivyomtazama mtoto wake siku ya kwanza alipomwacha kwenye geti la shule. Moyo ukamwambia amwache, asimguse. Akaweka mkono wake begani kwa yule aliyeketi, akaminya mpaka akasikia mfupa.

"Yule ni kazi yako," alisema. "Wewe uko hapa. Sema bismillahi."

"Bismillahi," alisema Hussam, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Feni iliyokuwa inavuma ndani ya kabati tangu siku ile ya blanketi ikapunguza mwendo, ikanung'unika, ikasimama. Jokha hakupumua. Alingoja bega lile lipoe chini ya mkono wake, au lilegee, au liondoke.

"Mama," alisema Hussam, "unanifinya."

"Wacha nikufinye."